Gliserini Iliyomuuma Benita

Asubuhi za Julai, Lubumbashi ni baridi, na vumbi linaingia hata ndani ya nguo zilizokunjwa. Clotilde alimwogesha binti yake Benita, mwenye miaka minne, akamfuta mpaka akakauka. Kisha akampaka gliserini miguuni.

"Mama, inauma!"

Ilikuwa siku ya tatu. Mwanzoni ngozi ilikuwa kavu tu. Sasa ilipasuka kwenye vifundo, na damu ilitoka. Clotilde akaingiwa na hofu. Chupa ile aliinunua mwenyewe sokoni. Je, kama ni sumu?

Akachukua chupa, akambeba mtoto mpaka kwa jirani yake Adolphine, muuguzi wa kituo cha afya.

"Yaya Adolphine, dada yangu, angalia! Nimemuharibu mutoto wangu!"

Adolphine akasoma maandishi ya chupa polepole.

"Mama Benita, tulia. Haiko sumu. Ulichanganya na maji?"

"Hapana. Nilisema ile ya nguvu njo muzuri."

"Aah! Gliserini inavuta maji. Ngozi ikiwa na maji, inayashika, ngozi inalainika. Lakini hewa ya sasa iko kavu. Ukipaka yenye nguvu, inavuta maji ya ndani ya ngozi. Na kwa kidonda inauma."

"Lakini iko hata ndani ya losheni!"

"Njo," Adolphine akakubali, "lakini kidogo. Inalainisha, tena inazuia losheni isikauke. Hata kwa dawa ya meno wanaitia."

Adolphine akaosha miguu ya Benita, akapaka vazelini tupu.

"Ngojea ipone. Kisha kijiko kimoja cha gliserini, vijiko tisa vya maji yaliyochemka na kupoa. Tengeneza ya siku moja tu, maji yanaoza. Jaribu kwanza kidogo kwa mukono, ungojee kesho. Ikiwasha, acha. Kama haiwashi, paka ngozi ikiwa bado na maji, halafu vazelini juu. Ukiona usaha ao homa, mulete kituoni mbio."

Kwa siku tano Clotilde alikagua miguu ile kila saa. Mipasuko ikafunga. Akajaribu mchanganyiko mkononi mwa Benita, akaulinda mkono ule kama maziwa yaliyo motoni. Haukuvimba, haukuwasha.

Kesho yake alimtoa mtoto majini, akampaka mguu mmoja mchanganyiko mpya. Akangoja kilio.

Benita akanyoosha mguu wa pili.

"Na huu, mama."