Chiriku na Moto Uliofungiwa Hewa

Kila alipotoka shule, Chiriku alikuwa na kazi mbili: kuwasha jiko la kuni, kisha kujaza sanduku la kuni lililokaa kando yake. Jiko lilikuwa la chuma, lenye mlango mbele, tundu la hewa chini ya mlango, na bomba la kutoa moshi nje. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: ukitoa kuni sandukuni leo, leta nyingine kutoka bandani, zikauke kwa joto la jiko kwa ajili ya kesho. Jina la Chiriku alipewa na Bibi, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

Siku moja alikuta sanduku karibu tupu, kwa kuwa jana yake hakulijaza. Wenzake walikuwa wakiruka kamba uani, naye akajiambia kuwa atajaza baadaye. Baadaye hiyo ilikuja na mvua, na paa la banda lilikuwa limetoboka. Kuni zote zikalowa chapachapa.

Tena haikuwa siku ya kufanyia mzaha. Mdogo wake, mtoto mchanga, alikuwa ametoka juzi tu zahanati alikolazwa kwa homa ya mapafu. Muuguzi alikuwa ameonya kwamba asipigwe na baridi hata kidogo. Mama alikuwa kazini kwenye duka la dobi, na Bibi ndiye aliyempakata mtoto, madirisha yote yakiwa yamefungwa.

"Mjukuu wangu, mume wangu anatetemeka," Bibi alisema, maana mjukuu wake huyo mchanga hakumwita kwa jina lingine. "Mbona moto unasuasua?"

"Unajivuta kama mimi ninapoamshwa asubuhi, Bibi."

Bibi alicheka. Chiriku alitania tu, lakini moyoni alikuwa na hofu. Vipande vichache vikavu vilivyobaki sandukuni vilikuwa vimeshika, lakini alipoongeza kuni mbichi zilitoa povu na moshi, machozi yakamtoka. Moto ukizimika kabla Mama hajarudi, ataupata wapi mwingine? Akakumbuka kwamba sufuria ikifunikwa joto halitoki. Basi akalishindilia jiko kuni hadi mdomoni, akaziba tundu la hewa, kisha akageuza mkono wa kilango kilichokuwa ndani ya bomba. Kilango hicho Mama alikifunga wakati jiko limepoa tu, ili upepo usiingie. Chiriku hakuwahi kuuliza kwa nini.

Akaenda bandani kuchakura chini ya rundo, labda angepata kuni zilizonusurika. Alikaa huko kitambo. Aliporudi, nyumba ilikuwa kimya mno. Kichwa cha Bibi kilikuwa kimelala begani, na midomo yake ilijaribu kusema bila sauti. Mtoto alikuwa amelegea kama nguo iliyofuliwa.

Chiriku alimnyakua mtoto, akatoka naye hadi chini ya upenu, akaita kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua. Jirani yao mshonaji, ambaye wote walimwita Mama Cherehani, alikuja mbio na futi ya kupimia nguo ingali shingoni. Akaingia, akamkokota Bibi hadi nje.

Hapo Chiriku akahisi kuwa jiko ndilo lililowadhuru, akafanya kosa la pili. Alimpa jirani mtoto, akarudi ndani huku amebana pumzi, akazibua tundu la hewa na kufungua kilango cha bomba, kama vile havikuguswa kamwe.

"Jiko lilikuwa na nini?" Mama Cherehani aliuliza.

"Halikuwa na kitu, mama. Lilikuwa kama kawaida."

Majirani waliwabeba hadi zahanati. Muuguzi alimtambua mtoto papo hapo. "Homa ya mapafu imemrudia," alisema, akaanza kutayarisha sindano. Bibi alijaribu kusema akashindwa, akatapika. Muuguzi akasita. "Na huyu mzee naye? Nani alikuwa nao nyumbani?"

Chiriku aliinama. Akisema, Mama atajua kwamba yeye ndiye aliyemuua mdogo wake. Asiposema, labda mtoto atakufa kweli. Maneno yaliyokuwa yakimjaa mdomoni kila siku sasa yalikataa kutoka. Akamtazama mtoto, akaona kifua chake kikiinuka kidogo, kisha kikikawia.

"Nililiziba jiko," alisema. "Nilifunga hewa, nikafunga na bomba, na kuni zilikuwa mbichi. Halafu nikafungua ili nisijulikane."

Muuguzi hakumkaripia. Aliitupa sindano kando na kuita mwenzake alete oksijeni. "Wamevuta hewa ya sumu," alisema huku akiwafunika pua na midomo kwa barakoa za oksijeni. "Haina rangi wala harufu. Bila kuambiwa, tungeendelea kutibu mapafu."

Kilichobaki kilikuwa kungoja. Mama alifika mikono ikinuka sabuni, akaambiwa yote, akakaa bila kumtazama binti yake. Chiriku aliomba kimoyomoyo mpaka maneno yakamwishia. Mwishowe mtoto alikunja uso, akapiga kelele za hasira kwelikweli. Mama ndipo alipomvuta Chiriku kifuani, wakalia pamoja.

Waliporuhusiwa kurudi nyumbani, Mama alimketisha Chiriku mbele ya jiko. Walifungua kilango cha bomba na tundu la hewa kabla ya kuwasha kiberiti. Walipanga vijiti vikavu kwanza, kisha kuni nyembamba zilizopasuliwa, zikiachiana nafasi. Makaa yalipokuwa mekundu, Mama alifungua mlango polepole, akaongeza kuni chache kavu, akaufunga. Dirisha moja liliachwa wazi kidogo. Moto uliwaka safi, bila moshi chumbani.

"Na kuni zikiwa mbichi?" Chiriku aliuliza.

"Tunajifunika blanketi, au tunaomba kavu kwa jirani," Mama alijibu. "Kuomba si aibu."

Bibi, aliyekuwa amejilaza na mtoto ubavuni, alimwita Chiriku akaketi karibu.

"Kuliziba jiko ulifanya bila kujua, mwanangu, na asiyejua hufundishwa," alisema. "Lakini kuficha ulifanya ukijua. Hilo la pili ndilo lingetuzika."