Daftari la Wateja Wakali

Kila akirudi kutoka shuleni, Kalamu, aliyepewa jina hilo kwa mwandiko wake mzuri, alimkuta mama yake akipiga pasi sare ya zamu ya jioni. Mama alifanya kazi katika kituo cha simu, akiwajibu wateja wa kampuni ya ng'ambo: huyu friji lake haligandishi, yule kapoteza risiti.

Wiki moja meneja alileta wageni wawili kutoka nchi nyingine. "Wafundisheni kila kitu," alisema. "Hawa ni wenzetu."

Mama hana choyo. Alimwomba hata Kalamu awanakilie daftari lake la majibu ya wateja wakali, kurasa arobaini nzima. Kalamu aliandika siku tatu, mpaka kidole kikaota sugu.

Wageni walipoondoka tu, meneja akatangaza kwamba kazi yote inahamia kwao. Huko mishahara ni midogo, umeme haukatiki, na wafanyakazi hawana chama cha kuwatetea.

"Alijua tangu mwanzo!" Kalamu alilia. "Katuzunguka, mama! Na mimi nimemsaidia kwa mkono wangu!"

Mama alikaa kitandani na sare yake mapajani. Iliuma kweli kweli.

Siku chache baadaye simu ya mama iliita, Kalamu akapokea. Alikuwa mmoja wa wale wageni.

"Mdogo wangu, nimekwama. Kuna mteja ananifokea, na jibu lake silioni daftarini."

Kalamu akaona hapa ndipo pa kulipiza. "Mwambie akome kukusumbua," alisema. "Mama hujibu hivyo hivyo."

Mama, aliyekuwa akisikia, alimpokonya simu, akamweleza yule dada jibu sahihi, taratibu, mpaka akaelewa.

"Unamsaidia aliyekunyang'anya kazi?" Kalamu aliuliza.

"Hakuninyang'anya. Anasema aliambiwa sisi tumepewa kazi nyingine. Nchi yake imechaguliwa kwa sababu watu wake wana shida kutuzidi. Mwongo ni meneja, na nitamwambia usoni."

Akamwambia kweli, mbele ya wafanyakazi wote.

Mwezi uliofuata ofisi ya maji ilimwajiri mama apokee malalamiko ya wananchi. Asubuhi ya kwanza, akivaa viatu, alimwita Kalamu.

"Hasira yangu kwa meneja haijaisha, mwanangu. Lakini kudanganywa hakutupi ruhusa ya kumdanganya mwingine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Basi shika simu. Yule dada hujamwomba radhi."