Mlio wa Kibodi ya Mhina

Ndugu zangu wa Korogwe, na ninyi wa Handeni mnaosema haya hayawahusu, tegeni sikio. Nyumba ya Mhina pale Masuguru ilitulia kama maji ya mtungini. Shamimu, mkewe, alipeta mchele uani. Bi Fatu, mama yake Mhina, alichambua mboga ya mchunga. Mhina, anayechapia watu kazi zao hapo nyumbani, alibonyeza kibodi yake bapa na hata paka hakugutuka.

Kisha akanunua kibodi ya mtindo wa kizamani. Vitufe vya duara vyenye ukingo wa fedha kama taipureta ya bomani, mkono wa chuma ubavuni, taa chini yake. Waya haina, kwa hiyo Mhina hukaa nayo kibarazani, kompyuta ikabaki sebuleni, akiitazama kupitia dirishani. Na mlio! Siku ya kwanza jirani yao Paulina alianua nguo akidhani mvua ya mawe. Kuku wa Dindira, huko juu mlimani, nasikia waliacha kutaga.

"Baba Sabiri," Shamimu alimwambia, "si vipo vitufe vya kimya? Badilisha, hatusikilizani humu."

"Bila mlio hiyo ni sinia tu, mke wangu."

"Na huo mkono wako mbona unaukanda?"

Mhina akacheka. Vitufe vilikuwa virefu mno, viganja vinamuuma. Akakunja khanga ya mkewe, akaiweka chini ya mikono, akaendelea.

Alasiri moja Bi Fatu aliingia bafuni, kile kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Shamimu alikuwa kwa Paulina wakisuka ukili. Wakasikia ta-ta-ta, ta-ta.

"Mumeo leo kapagawa," alisema Paulina.

"Mwache. Angenishika mimi hivyo ningeshanenepa."

Wakacheka. Jamani, wakacheka!

Shamimu aliporudi, alimkuta Mhina kibarazani, kikombe cha chai mikononi. Kibodi imewekwa pembeni, taa zimezimika. Na bado, polepole: ta... ta... Mhina anakunywa tu. Masikio yalishauzoea mlio, hayautambui tena.

Shamimu akatega sikio. "Baba Sabiri! Nani anagonga?"

Kikombe kikamponyoka.

Bi Fatu alikuwa kule bafuni, sakafuni, nyonga imevunjika, sabuni imemkaukia mwilini, kopo la kuogea mkononi. Shamimu alimsitiri kwanza, ndipo Mhina akaingia. Mnajua desturi yetu: mama mtu mzima hapayuki kumwita mwanawe wa kiume akiwa hana nguo. Hugonga bati, aje mkwe.

"Mama, umegonga tangu saa ngapi?" Mhina alilia.

"Tangu nilipoanguka. Nikigonga, nawe unagonga. Nikajua umenisikia, mwanangu. Nikangoja."

Hospitali walimtibu, lakini kutembea hatembei tena.

FUNZO

Kununua kitu kizuri si kosa. Hata mimi navipenda vinavyong'aa. Kosa ni kuipenda raha yako hadi ikakuzibia masikio kwa watu wa nyumbani mwako. Anayekuambia "hatusikilizani humu" hakuonei wivu, anakuokoa. Punguza mlio, ndugu yangu. Sikiliza leo, mgongaji angali na nguvu za kugonga.