Taa ya Kucha Aliyoniletea Mume Wangu

"Vua glovu! Weka mikono mezani waione!"

Huyo ni Edson, baba wa mtoto wangu. Alikuwa anafoka mbele ya wazazi wake na mbele ya mjomba wangu Abel, aliyekuja Kahama kutoka Ibadakuli kwa ajili ya kikao hicho tu.

Sikuvua. Nilikuwa naona aibu.

Akazivuta mwenyewe, kwa nguvu... na ngozi ikaja nazo!

Jamani, nilipiga yowe. Vidole vilikuwa vimevimba, malengelenge yamepasuka, kucha mbili zimeachia nyama. Mjomba aligeuka akatazama ukuta.

"Mmeona wenyewe!" Edson akasema. "Hiyo ni zebaki. Mimi nikiwa Geita nanunua dhahabu, mwenzangu anashinda mwaloni na bwana wake, wanaosha mchanga!"

Kwa msiojua, mwaloni ndiko mchanga wa dhahabu unakooshwa, na zebaki ndiyo inayoikamata dhahabu. Huku kwetu mtu akiharibika mikono, hakuna anayeuliza mara mbili. Ni zebaki tu.

Mama mkwe akashika kichwa.

"Yaya! Mayu! Na zebaki hiyohiyo unamnyonyesha mtoto?"

Akamkwapua Blessing mapajani mwangu. Mtoto akalia, mimi nikalia.

Sasa elewa kilichokuwa kinatafutwa pale. Kwa Wasukuma wa ukoo huu, mke akipatikana na ugoni anarudi kwao, ng'ombe wa mahari wanarudi kwa mume, na mtoto anabaki. Mtoto anabaki! Ng'ombe wachukue wote, sikujali. Ila Blessing...

Baba mkwe, mzee Maganga, akaniuliza taratibu.

"Mama Blessing, una la kusema?"

"Baba, zebaki sijawahi kuigusa. Mimi natengeneza kucha tu."

"Kucha ndizo zinaozesha vidole hivi?"

Hata mimi sikujua nini kinanila.

Mzee akaamua nirudi Jumapili na neno la daktari, la sivyo ihesabike nina hatia. Blessing abaki kwa bibi yake. Nikatoka pale maziwa yanachuruzika kwenye blauzi.

Nina kibanda cha kucha karibu na stendi. Kazi yangu ni kucha za jeli, zile unapaka rangi, mteja anaingiza mkono kwenye taa yenye mwanga wa zambarau, rangi inakauka na kuwa ngumu. Kazi nilijifunza kwa kutazama wenzangu, na nilikuwa fundi, sijisifu.

Taa yangu ilikuwa nzuri mno. Siku moja Edson akaniambia imemdondoka ikavunjika akifagia kibanda.

Edson na kufagia! Hapo tu ningeshtuka, lakini mwanaume akikuonea huruma unafurahi kwanza, akili inakuja baadaye.

"Usinune mke wangu, nimekuletea nyingine. Mwanga uleule."

Kweli, ilikuwa na kifuniko juu na mwanga wa zambarau chini. Mkono ukaingia. Nikamshukuru.

Tangu hapo kazi ikaanza kunisumbua. Kucha inakauka juu, ukiibonyeza chini ni uji. Nikawa naongeza muda kwenye taa. Wapi! Nikawa nabonyeza kwa kidole kuona kama imeshika, nafuta ute wa jeli kwa vidole vitupu, najaribia na kucha zangu mwenyewe. Kuwashwa kukaanza. Kisha malengelenge.

Ijumaa nikaenda Shinyanga kwa daktari wa ngozi. Akapima, akauliza kazi yangu, akauliza mpaka ninavyofuta ule ute.

"Dada, hii siyo zebaki. Ni mzio wa jeli. Jeli mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara, mwili unaikataa."

"Nitapona lini?"

"Vidonda vitapona. Mzio hauponi. Usiiguse tena maisha yako yote, na ukienda kuziba jino mwambie daktari, maana dawa nyingine za meno ni jamii hiyohiyo."

Kazi yangu ikaishia pale, kwenye kiti cha plastiki. Nililia, ila kimoyomoyo nikashukuru. Neno la daktari nilikuwa nalo.

Nikarudi Kahama moja kwa moja hadi duka la Shaheen, aliyeniuzia taa yangu ya kwanza. Nikamwekea hii mezani.

"Kwa nini taa hii haikaushi?"

Akaniangalia kama nimechanganyikiwa.

"Mama Blessing, hii si taa ya kucha! Hii ni ya kukagulia noti bandia. Mume wako aliichukua kwangu, akasema ni ya ofisi yake ya dhahabu."

"Unasema?"

"Mwanga wake ni dhaifu, unaonyesha alama za noti tu. Jeli inataka taa yake yenye nguvu."

Shaheen akashusha sauti.

"Na ile taa yako mbona ipo? Alikuja nayo hapa na wifi yako Melania, wakachukua jeli zinazoendana nayo. Wakasema anafungua saluni Geita."

Wifi? Edson hana dada!

Jumapili nikaingia kikaoni na karatasi ya daktari na ile taa ya noti. Mjomba Abel akaisoma karatasi kwa sauti. Mimi nikauliza swali moja tu.

"Edson, taa yangu iko wapi?"

"Si nilikwambia ilivunjika? Nikaitupa."

"Ulitupa?"

Huyo hakuwa mimi. Alikuwa mama mkwe. Alisimama na Blessing begani.

"Edson, taa ile niliifunga mimi kwenye khanga yangu, nzima kabisa! Uliniambia inakwenda Geita kutengenezwa!"

Edson akatupia jicho mlango.

"Na ulivyoona mikono ya mwenzio inaoza, ukaniletea habari za zebaki? Ili ng'ombe warudi umwoe nani?"

Edson akachukua funguo za pikipiki akatoka. Hakuna aliyemfuata.

Mzee Maganga akasema ng'ombe hawarudi, na mtoto ni wa mama yake.

Dada zangu, msicheze na hizi kucha. Kila jeli ina taa yake, soma chupa, uliza dukani. Mwanga kuwa wa zambarau hautoshi. Fundi, vaa glovu na jeli isiguse ngozi. Mteja, ukisikia uji chini ya kucha, mwambie fundi aitoe na usirudi hapo. Na mume akikuletea kifaa cha kazi yako, kikague kama kimeletwa na mtu baki. Mimi niliamini mapenzi, nikaacha kukagua taa.

Mama mkwe akaja akapiga magoti mbele yangu, akanipa Blessing. Nikampapasa shavu, lile shavu nililolililia wiki nzima.

Sikuhisi kitu. Ncha za vidole zimekufa ganzi kwa ule mzio mpaka leo. Mwanangu nimempata, ila ulaini wa shavu lake nausikia kwa midomo tu, nikimbusu.