Mkokoteni wa Mteremko wa Mtae

Efrazia alichuma kabichi katika shamba la kijiji, kama kila asubuhi. Siku hizi alichuma kimya. Mumewe, Tobia, alikufa masika yaliyopita. Alikuwa akiteremsha mkokoteni wa kijiji uliojaa kabichi kwenye mteremko wa Mtae. Ulimshinda, ukamsukumia bondeni.

Sasa Sefania, mdogo wake Tobia, alitaka kuuteremsha mkokoteni uleule.

"Shemeji, usiende," Efrazia alimsihi.

"Kaka alichoka tu siku ile. Mimi nina nguvu. Nitaushika."

Efrazia aliona kama kaburi la pili limekwisha kuchimbwa.

Jioni wote wawili walikwenda kwenye kisomo cha watu wazima. Mwalimu Zuhura, msichana wa Tanga, akamwamkia Efrazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwalimu, leo sitaki herufi. Niambie kwa nini mume wangu alishindwa kuushika mkokoteni."

Zuhura akachukua chaki.

"Mkokoteni uliosimama una mwendo sifuri. Ukianza kuteremka, kila sekunde huuongezea mwendo kwa kiasi kilekile. Tuseme mita mbili kwa sekunde. Sekunde moja ikipita, mwendo ni mbili. Zikipita mbili?"

"Nne," alisema Sefania.

"Zikipita tano?"

Efrazia alizidisha tano kwa mbili. "Kumi," alijibu taratibu.

"Na kama ulianza ukiwa na mwendo wa tatu?"

"Tatu na kumi. Kumi na tatu."

"Ndivyo. Chukua mwendo wa kuanzia, ongeza kilichozidi kwa sekunde zote zilizopita. Mita kumi kwa sekunde, mama! Hakuna hapa anayekimbia hivyo, sembuse kuzuia mzigo."

Sefania aliinamisha kichwa. "Basi tufanyeje?"

"Msingoje mwendo ukue. Fungeni kamba nyuma, watu washike. Kila baada ya hatua chache, simamisheni, wekeni kabari kwenye magurudumu. Ukisimama, mnaanza tena na sifuri."

Kesho yake wakafanya hivyo. Mkokoteni ulifika chini polepole, kabichi zote nzima. Wanawake wakapiga vigelegele. Sefania akarudi hai.

Efrazia alibaki peke yake juu ya bonde. Alihesabu sekunde: moja, mbili. Hapo, mwendo ukiwa bado nne tu, Tobia angeweza kuuachia, akaruka pembeni. Lakini ile ilikuwa mali ya kijiji. Na Tobia hakuwa mtu wa kuachia mali ya watu.