Kisima cha Mpakani

Kila siku kabla ya shule nilikwenda mtoni kuchota maji, saa nzima kwenda na kurudi, debe kichwani. Nikichelewa shuleni, nachapwa. Nikisema maji yako mbali, naongezewa kwa kujibu! Basi Baba na jirani yetu, Mama Mwamvita, walipochimba kisima mpakani mwa viwanja vyetu na maji yakatoka, nilicheza peke yangu pale uani.

Furaha ilidumu siku nne. Halmashauri ya Kijiji ikatunyima kibali.

"Hiki ni kijiji cha ujamaa," alisema Mwenyekiti, Mzee Melkizedeki. "Leo kisima cha nyumba mbili, kesho mmoja anamdhulumu mwenzake. Kifukiwe Jumamosi."

Kifukiwe! Jioni ile Baba hakula. Aliniita kwa sauti ya chini.

"Ernesta, lete jembe. Tuling'oe lile isale tulipande ng'ambo ya kisima. Tutasema kiko chote kwetu. Cha nyumba moja hawatakihoji."

Isale ni mmea wetu wa mpaka. Baba alilileta kutoka Vudee tulipohamia huku bondeni mwaka 1974, akalipanda mbele ya Mama Mwamvita na mjumbe wa nyumba kumi. Kwetu Upareni mtu hang'oi isale la mpaka hata akiwa amelewa.

"Baba, hilo sifanyi."

"Unasemaje?"

"Sifanyi! Mama Mwamvita amechimba mpaka mikono imetoka malengelenge. Nichape, lakini jembe silishiki."

Baba aliliacha jembe ukutani. Kisha akaingia ndani.

Jumamosi, Baba na Mama Mwamvita wakiwa kisimani, Mwenyekiti alifika na wajumbe wawili, sepetu mabegani. Nikasimama mbele yao.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Mzee, mmekataa kisima msichokiona. Kioneni kwanza, ndipo mkifukie!"

"We mtoto, una mdomo!"

"Ninao, Mzee. Tena una kiu."

Mjumbe mmoja aliangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Aliinama, akakwangua udongo kwenye shina la isale. Ulikuwa mgumu, haujaguswa.

"Nilitegemea kukuta udongo mbichi," akasema taratibu. "Nimeamua kesi tatu za namna hii, na zote mtu alihamisha mpaka." Akamgeukia Mama Mwamvita. "Mama, jirani huyu unamwamini?"

"Nisingemwamini, ningechimba naye?"

Mwenyekiti akaketi juu ya debe langu, akaandika kibali gotini. Masharti yalikuwa mawili: tujenge mfuniko, na mto ukikauka wenzetu nao wachote.

Baba alivuta ndoo ya kwanza, akanipa kata mimi kabla ya wazee.

"Ungenitii, leo tungekuwa tunafukia," alisema mbele ya wote. "Nilikosea, mwanangu. Mwenye haki hadanganyi ili aipate. Anasimama wazi na kuidai."

Nikanywa. Yaliyobaki nikalimwagia isale.