Kiwiko cha Nuwa

Fundi Loyi wa Bwera hakuwa na mzaha katika jambo moja. Ukipunguza nguo iliyovaliwa, vipande vyote arudishiwe mwenyewe, hata uzi.

"Jasho ya mutu iko ndani," alimwambia Tabisa, mwanafunzi wake. "Mubaya akiipata, amekupata."

Tabisa aliitikia kwa mdomo tu. Shati la njano la mwanawe Nuwa lilipochanika kiwiko, alilishona kwa uzi mwekundu, na mshono ukapinda vibaya. Akaona haya, akakata mikono yote na kuitupa jalalani. Nguo ya nyumbani kwake, nani angehangaika nayo? Sikio la kufa halisikii dawa.

Jioni moja Loyi alikuwa kanisani, Tabisa peke yake kwenye cherehani. Mwanamke akasimama mlangoni bila hodi. Mvua haikuwa imenyesha, lakini alinuka udongo mbichi... Alileta koti la jeshi. Miaka ile ya sabini makoti hayo yalizagaa, na hakuna aliyeuliza mwenyewe yuko wapi.

"Punguza. Ikuwe ya mutoto."

"Kipimo iko, mama?"

Akapewa kamba yenye fundo. "Urefu ya mutoto ni hii, kutoka chini mpaka fundo. Na hii kiraka, shona mu kifua. Ndani."

Giza lilikuwa linaingia. Tabisa alishona kwa kupapasa. Krr... krr... Cherehani ikizunguka, mwanamke alipumua nyuma yake. Ikisimama, kimya.

Koti likachukuliwa. Safari hii Tabisa alikumbuka sheria. Aliwasha taa, akaokota vipande amkimbilie mgeni. Kimoja, ukingo uliokatika kwenye kile kiraka, kilikuwa cha njano, chenye uzi mwekundu uliopinda.

Mshono wake mwenyewe.

Barabara ilikuwa tupu.

Alikimbia nyumbani akilia. Nuwa alikuwa kizingitini, mzima.

"Mama, ile mama amesema koti yangu imeisha."

Loyi aliposikia, alikaa chini. "Mukono yenye imeshona, ndiyo inafumua," alinong'ona. "Tafuta ile koti, mwanangu."

Alitafuta mpaka Katunguru, hakuliona. Sasa yeye ndiye fundi, na kila koti linaloletwa hulipindua kifua kwanza. Kamba ile ilibaki mezani. Kila jioni humsimamisha Nuwa mlangoni na kumpima. Wenzake wameota ndevu.

Fundo bado linamgusa utosini.